Mzee Aishi Kwake: Huduma za Serikali kwa Wazee na Watu Wenye Ulemavu Mkoani Tanga

Injili ya Yohane, katika sura ya 5, inatusimulia habari za mtu aliyekuwa ameugua kwa miaka 38, akilala kando ya birika la Bethzatha mjini Yerusalemu. Yesu alipomwuliza kama anataka kuwa mzima, mtu yule hakujibu ndiyo wala hapana. Alieleza shida yake: maji yanapotibuliwa hana mtu wa kumtia birikani, na yeye akijikokota, mwingine huwa amekwisha kumtangulia. Tiba, kwa imani ya watu wa siku zile, ilikuwapo. Ilikuwa hatua chache tu kutoka pale alipolala. Alichokosa ni mtu.

Tumeanza na simulizi hili kwa sababu linafanana sana na hali ya wazee wengi na watu wenye ulemavu katika vigango vyetu, kuanzia Pangani na Mkinga hadi Lushoto na Kilindi. Ni rahisi kusema kwamba Serikali haijawaandalia chochote, na wapo wanaosema hivyo kila siku. Ukweli ni kwamba zipo sera, ipo sheria, yapo mafungu ya fedha na wapo watumishi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Huduma hizo hazitoshi, nasi tutalisema hilo bila kuficha. Lakini hata hicho kilichopo huwapita wengi, kwa kuwa mhusika hajui mlango wa kubisha, au anaujua na hana wa kumfikisha.

Nia ya makala haya ni kueleza milango hiyo ilipo, inavyofunguliwa, na nafasi ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika safari ya kuifikia.

Maana ya kujitegemea

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kwetu Watanzania kujitegemea ni neno lenye historia; tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 tumelizoea likimaanisha kutomnyooshea mwingine mkono. Kwa maana hiyo mtu aliyepooza miguu, au bibi asiyeona anayeongozwa na mjukuu, huonekana amekwisha kutoka katika kundi la wanaojitegemea, na pengine katika kundi la wanaoulizwa maoni yao. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Watu wenye ulemavu wenyewe ndio walioirekebisha maana hiyo. Nchini Marekani, Ed Roberts, aliyeugua polio akiwa na umri wa miaka 14 na kupooza kuanzia shingoni kwenda chini, alijiunga na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley mwaka 1962. Usiku alilala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Alilishwa, alivishwa, alisukumwa. Hata hivyo yeye na wenzake, walioanzisha mjini humo mwaka 1972 kituo cha watu wenye ulemavu cha kutetea maisha ya kujitegemea, walishikilia kwamba wanajitegemea, maana wao wenyewe ndio walioamua waamke saa ngapi, waende wapi na nani awasaidie. Wazo hilo liliingia baadaye katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara ya 19 ya Mkataba huo inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu ya kuishi katika jamii, kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao, na kupata huduma zitakazomwezesha kufanya hivyo. Tanzania iliuridhia mwaka 2009.

Pwani yetu haihitaji kufundishwa kwamba mtu haishi peke yake. Nyumba zetu zina bibi, shangazi, wajukuu na mpangaji, na mlango wa uani haufungwi mchana. Kwa hiyo tunaposema mzee aishi kwa kujitegemea hatumaanishi akae peke yake chumbani na redio. Tunamaanisha akae kwake, miongoni mwa watu wake, na neno lake liwe na uzito katika mambo yanayomhusu: kiwanja chake, fedha yake, matibabu yake, na saa ya kwenda kusali.

Katika Injili ya Marko, Bartimayo kipofu alipopaza sauti kando ya njia ya Yeriko, umati ulimkemea anyamaze. Kristo alisimama, akaagiza aitwe, kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini. Swali hilo lingeweza kuonekana halina haja, kwa maana kila mtu alimwona kuwa ni kipofu. Hata hivyo liliulizwa, na jibu likasubiriwa. Tungependa swali hilo liwe la kwanza katika kila tendo la huruma linalofanyika parokiani.

Uzee katika nchi ya mkonge

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Mkoa wa Tanga watu zaidi ya milioni 2.6. Kwa nchi nzima, wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa kama asilimia 5.7 ya watu wote. Na miongoni mwa wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 walikuwa na ulemavu wa aina moja au nyingine. Makundi haya mawili huingiliana, kwa sababu uzee huleta mtoto wa jicho, kiharusi, uziwi na magoti yasiyokunjika. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na hakuna kati yetu anayeweza kujihesabu nje ya jambo hili.

Mkoa wetu una sababu yake ya pekee ya kulitafakari. Kwa miongo mingi mashamba ya mkonge ya Muheza, Korogwe na kandokando ya reli yaliwavuta vibarua kutoka Kigoma, Songea, Mbeya na Singida, hata Msumbiji na Burundi. Tuliwaita manamba. Wengine walirudi makwao. Wengine walibaki, na bei ya mkonge ilipoanguka na mashamba kudhoofika, wakazeeka mbali na koo zao, bila kiwanja cha urithi na bila mtoto wa kaka wa kuwabebea ndoo ya maji. Tunapohubiri kwamba mzee hutunzwa na ukoo, tuwakumbuke hawa ambao ukoo wao uko mwendo wa siku mbili kwa basi, au umekwisha kupotea.

Kwa watu wa namna hiyo Serikali ina makazi ya wazee wasiojiweza katika mikoa kadhaa, na jijini Tanga yapo yale ya Mwanzange. Parokia zetu huwatembelea wazee wa makazi kama hayo nyakati za Noeli na Kwaresima, jambo jema. Lakini ni vizuri waamini wafahamu kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inayataja makazi kuwa hatua ya mwisho. Familia na jamii ndizo zinazotajwa kwanza. Anayedhani kwamba kumpeleka baba yake Mwanzange ni huduma ya kawaida, kama kumpeleka mtoto shule ya bweni, hajaielewa sera hiyo.

Milango ya huduma

Mlango wa kwanza ni ofisi ya Serikali ya mtaa au kijiji, na wa pili ni Afisa Ustawi wa Jamii. Afisa huyu yupo katika kila Halmashauri, na mkoani kwetu Halmashauri ziko 11. Baadhi ya kata na hospitali zina wa kwao. Kazi yake ni kuwatambua wasiojiweza, kuwaunganisha na huduma, kusuluhisha ugomvi wa matunzo ndani ya familia, na kuwaombea msamaha wa gharama za matibabu wasioweza kulipa. Ni watumishi wachache wenye maeneo mapana. Asiyepelekewa habari za mzee aliyelala Kwamsisi au Mng'aro hana namna ya kuzijua.

Kuhusu matibabu, utaratibu wa nchi ni kwamba mzee mwenye umri wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo hutibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali. Maneno matatu hapa yana uzito: umri, uwezo, Serikali. Umri huthibitishwa kwa kitambulisho cha Taifa, kadi ya mpiga kura au, pale visipokuwapo, kwa barua ya mtendaji. Uwezo huthibitishwa na mtaa au kijiji pamoja na Ustawi wa Jamii, na Halmashauri humpatia mzee kitambulisho cha matibabu. Nalo neno Serikali lina maana kwamba hospitali na zahanati za binafsi, pamoja na zile za Kanisa, hazibanwi na utaratibu huo isipokuwa pale penye makubaliano na Halmashauri. Tunalitaja hili kwa sababu baadhi ya waamini hufika katika vituo vyetu wakiwa na kitambulisho hicho na kuondoka wamekasirika. Hospitali nyingi za Serikali, ikiwamo ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, zinatakiwa kumpa mzee nafasi ya kwanza. Mahali pengine lipo dirisha la wazee, mahali pengine ni kibao tu cha kuwaomba watu wampishe.

Tatizo linalolalamikiwa zaidi si daktari bali dawa. Mzee huandikiwa dawa ya shinikizo la damu, huambiwa imekwisha, akanunue nje. Matibabu yamekuwa bure, dawa ikawa ya kununua. Kwa sababu hiyo kaya zenye uwezo kidogo zisiidharau bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikitolewa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inaelekeza wasio na uwezo wagharimiwe. Sheria ya namna hiyo inapotekelezwa, asiyekuwa katika orodha ya wasio na uwezo hugharimiwa na nani? Ndiyo maana tunasisitiza orodha.

Orodha hiyo hiyo ndiyo kiini cha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF, mfuko ulioanzishwa mwaka 2000. Kipindi cha pili cha Mpango huo kilizinduliwa Februari 2020. Kaya iliyoandikishwa hupokea ruzuku, kwa kawaida kila baada ya miezi miwili, na hali ya ulemavu ndani ya kaya huzingatiwa. Kaya hutajwa kwanza katika mkutano wa wananchi wa kijiji au mtaa, kisha hupitiwa kwa dodoso, kisha majina hurudi mkutanoni yathibitishwe. Kwa maneno mengine, majirani ndio wanaotaja. Bibi asiyeweza kutembea hahudhurii mkutano. Kiziwi huhudhuria bila kusikia kinachosemwa. Mwenye ugonjwa wa akili hufukuzwa. Hawa watatu ndio hasa mpango uliwakusudia, na hawa watatu ndio rahisi kusahauliwa. Mipango ya aina hii huwa na vipindi, hivyo ni lazima kuuliza mtaani kama uandikishaji uko wazi.

Kwa watu wenye ulemavu kuna jambo la ziada: wanayo sheria. Tofauti kati ya sera na sheria si ndogo. Sera hueleza nia ya Serikali. Sheria humpa mtu haki anayoweza kuidai. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inakataza ubaguzi, inataka majengo ya umma yafikike, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Inaanzisha pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Tunawaomba waamini waulize kwa upole katika mitaa yao: kamati hiyo ipo? Ilikutana lini? Mahali ilipo hai, mtu mwenye ulemavu hasemewi na kila mtu. Ana wenzake wa kusema naye.

Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya dosari za usimamizi, ukarejea mwaka uliofuata. Masharti ya idadi ya wanakikundi kwa watu wenye ulemavu ni mepesi kuliko ya makundi mengine, jambo ambalo fundi cherehani mwenye ulemavu aliye peke yake kijijini anastahili kulijua. Msomaji makini atakuwa ameona kwamba katika mgawo huo mzee wa kiume asiye na ulemavu hana fungu. Tunaliona hilo kuwa pengo.

Kwa mafunzo ya ufundi kipo Chuo cha Masiwani, Tanga, mojawapo ya vyuo vichache vya Serikali nchini vilivyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba wapo wazazi wa Tanga mjini wanaowaficha vijana wao nyumbani ilhali chuo kiko kwao. Nje ya Serikali, shirika la YDCP la Tanga limefanya kazi ya utengemao katika jamii kwa miaka mingi, likiwafuata watoto na vijana wenye ulemavu majumbani. Na huko Lushoto ndugu zetu Walutheri wana shule ya wasioona ya Irente. Penye sifa tutoe sifa.

Jirani zetu ng'ambo ya maji na ng'ambo ya mpaka

Pensheni ndiyo huduma ambayo wazee wengi wa pwani huiulizia, na mkanganyiko ni mkubwa kwa sababu ya ujirani. Kisiwani Pemba, ambako jamaa za watu wa Tanga ni wengi, kila mzee aliyetimiza miaka 70 hulipwa Pensheni Jamii na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Ukivuka Horohoro na kuingia Kenya, wazee wa miaka 70 na zaidi wana mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Huku kwetu Tanzania Bara pensheni ni ya aliyechangia: PSSSF kwa watumishi wa umma, NSSF kwa wa sekta binafsi. Mvuvi wa Kigombe na mkulima wa Bumbuli, waliolisha nchi kwa miaka 50, hawamo.

Kwa maoni yetu hali hii haipaswi kubaki hivyo. Hatusemi kwamba Serikali Kuu haina mzigo. Watu wa Bara ni wengi mara nyingi kuliko wa Zanzibar. Lakini mzee mwenye fedha yake, hata kidogo, hubadilika nafasi yake nyumbani. Hununua sukari, humpa mjukuu daftari, huchangia mazishi ya jirani. Kutoka kuwa mdomo wa kulishwa anarudi kuwa mwenye nyumba. Waamini wenye nafasi ya kusema katika mabaraza na Bungeni wasiache kulisema.

Wajibu wa nani?

Hapa baadhi huuliza: je, kudai huduma za Serikali si kuwaondolea watoto wajibu wao? Mafundisho Jamii ya Kanisa yanajibu kwa ile inayoitwa kanuni auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI katika waraka wake wa mwaka 1931, Quadragesimo Anno. Mamlaka ya juu isinyang'anye kazi ambayo jumuiya ndogo inaiweza. Lakini isiitelekeze jumuiya hiyo inapozidiwa, bali iitegemeze. Mama anayemtunza mumewe aliyepatwa na kiharusi, huku akiuza maandazi ili wale, hahitaji Serikali ichukue nafasi yake. Anahitaji dawa ipatikane, mazoezi ya viungo yapatikane karibu, na kiti mwendo kisichozama katika mchanga wa Pangani. Huko milimani Usambara, ambako njia ni za kupanda na kushuka, kiti hicho hakifai kitu. Anahitaji huduma imfuate nyumbani. Mpango wa Taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024 na kukusudia kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, unaelekea upande huo, nasi tunauunga mkono.

Watoto nao hawajasalimika. Kristo aliwakemea vikali waliotumia nadhiri ya Korbani kama kisingizio cha kutowasaidia baba na mama zao. Siku hizi kisingizio kimebadilika sura: mwingine husema mzee ana TASAF, mwingine husema parokia ina Karitasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu cha 2218, inawataka watoto waliokomaa wawape wazazi msaada wa hali na mali wakati wa uzee, ugonjwa na upweke. Kijana aliyeko Dar es Salaam au Muscat anayetuma fedha kila mwezi amefanya nusu. Nani hufika na kuuliza kama mama amelala usingizi?

Kuna pia kishawishi cha upande wetu wa parokia, nacho ni kutoa mchele mahali panapodaiwa haki. Mfuko wa unga wakati wa Kwaresima ni tendo la upendo, lakini mzee aliyestahili kitambulisho cha matibabu na hakukipata kwa miaka minane hajasaidiwa vya kutosha na mifuko minane ya unga.

Namna ya kusindikiza

Jumuiya Ndogo Ndogo ina jambo ambalo Halmashauri haina: inajua nani hajaonekana. Kaya zetu hukutana kila juma, nyumba kwa nyumba. Tunapendekeza kila Jumuiya iwe na daftari la wazee na watu wenye ulemavu wa eneo lake, na hapa tuseme wazi kwamba daftari hilo lisiishie kwa Wakatoliki. Katika mitaa ya Tanga, Muheza na Pangani jirani zetu wengi ni Waislamu. Bibi wa nyumba ya pili anayeswali na babu wa nyumba ya tatu anayesali Rozari wanangojea mtendaji yule yule.

Kusindikiza kuna adabu yake. Kwanza ni idhini: mzee aulizwe kama anataka, na akikataa aheshimiwe, kisha aulizwe tena siku nyingine. Pili, ofisini azungumze yeye. Tumeona mara nyingi afisa akimwuliza msindikizaji jina la mzee ilhali mzee mwenyewe amekaa mbele yake na masikio yake ni mazima. Msindikizaji mwema hujibu kwa kumgeukia mwenye jina. Kwa kiziwi atafutwe anayejua lugha ya alama. Kwa asiyeona, kila karatasi isomwe yote kabla ya kutia dole gumba.

Tukigusa dole gumba, tuseme pia juu ya kitambulisho cha Taifa. Namba ya NIDA sasa inatakiwa karibu kila mahali, na usajili wa laini za simu kwa alama za vidole umefanya hata malipo ya simu yapitie huko. Vidole vilivyokata mkonge na kushika jembe miaka 40 mara nyingine havisomeki katika mashine. Mzee huambiwa arudi kesho, na kesho ni nauli nyingine. Asindikizwe mtu anayeweza kusimama pale, kwa heshima, na kuomba utaratibu mwingine utumike, maana mzee peke yake atarudi nyumbani akidhani yeye ndiye mwenye kosa.

Jambo la tatu ni fedha. Simu ya mzee, namba yake ya siri na ruzuku yake si mali ya msindikizaji, wala ya mjukuu, wala ya kiongozi wa Jumuiya. Wapo wazee wanaopokea fedha kwa majina na kuziona kwa macho tu. Anayemsaidia mzee kutoa fedha aambatane na shahidi, na fedha ihesabiwe mkononi mwa mwenyewe. Pakiwa na wizi ndani ya familia, Afisa Ustawi wa Jamii aarifiwe. Kunyamaza kwa kuogopa aibu ya ukoo ni kumwacha mnyonge.

WAWATA, UWAKA na VIWAWA wanaweza kugawana kazi hii kadiri ya karama zao. Vijana wana bodaboda na uwezo wa kujaza fomu. Akina mama wanazijua nyumba. Wanaume wengi wamo katika halmashauri za vijiji. Makatekista wanaowapelekea wagonjwa Ekaristi Takatifu huingia vyumba ambavyo hakuna mtumishi wa Serikali aliyewahi kuviingia, na wanaweza kuuliza, baada ya sala, kama mgonjwa ana kitambulisho cha matibabu.

Kabla hatujaenda kudai kwa wengine, makanisa yetu nayo yatazamwe. Sheria ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Vigango vingi vina ngazi tatu au nne mlangoni na choo cha shimo cha kuchuchumaa nyuma. Njia ya mteremko ya saruji na choo chenye kiti na mkono wa kushikilia si gharama ya kuwashinda waamini waliojenga mnara wa kengele. Domenika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, ni Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, iliyowekwa na Papa Fransisko mwaka 2021. Parokia nyingi huandaa siku hiyo chakula na zawadi. Mwaka huu, Paroko na Halmashauri Walei wanaweza pia kumwalika Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au Halmashauri, akae na wazee baada ya Misa, aandike majina.

Tena, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Tarehe ya unaofuata ipo kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Jumuiya iulize tarehe hiyo mapema, itafute usafiri wa asiyeweza kutembea, na kumtengea kiti mbele, mahali atakapoonekana na kusikika.